Siku Tulienda Chuo Kikuu Kumchukua Mama wa Samaki

Haya, sogeeni hapa nyinyi wote, na wewe wa mlangoni ingia ama utoke, baridi ya Eldoret haingojwi na mlango wazi. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Nikishaanza sitaki kusumbuliwa, kwa sababu hii maneno nikiikumbuka nywele za shingo zinasimama, na vile mnaona kichwa yangu imebaki na nywele za kuhesabika, siwezi kuzichezea.

Mimi shule niliijua kwa nje. Nilitengeneza madawati ya shule, nikaezeka paa ya shule, lakini ndani sikukaa. Ni fundi wa mbao, hapa mtaa wa Huruma, tangu wakati matope ya Huruma ilikuwa inameza ng'ombe na pembe zake inabaki kengele peke yake. Lakini mnisikie vizuri. Mimi huyu nilikaa mstari wa mbele siku ile chuo kikuu walikuwa wanaamua kama watampa mtu kazi ama hawampi, na maprofesa wakakaa nyuma yangu. Vile nilifika hapo mbele ndio nataka kuwaambia.

Kwa ploti yetu, zile nyumba za kupanga za geti moja, kulikuwa na mama mmoja alikuwa anakaanga samaki pale geti. Yeye na mzee wake walitoka upande wa ziwa, kama mimi, mzee alikuwa askari wa geti kwa kiwanda cha nguo. Sasa sauti ya huyo mama. Akiita mteja hapa Huruma, mtu wa mtaa wa Pioneer anageuka. Akiongeza kidogo, wale wakimbiaji wa Kaptagat wanafikiri ni filimbi, wanaanza mbio. Na alikuwa na neno lake moja, "Uko wapi?" Mteja amechelewa: uko wapi? Mzee wake amekaa sana kwa choo: uko wapi? Mvua imekataa kunyesha, anaangalia juu, anauliza mvua, uko wapi?

Halafu akaja Mwalimu. Msichana wa hapa hapa, baba yake mkulima wa Kaptagat, alisoma ng'ambo mpaka vitabu vya huko vikaisha wakamrudisha nyumbani. Chuo kikuu wakati huo kilikuwa kipya, ukiegemea ukuta unarudi na rangi mgongoni. Alikuwa anafundisha hapo kwa muda tu, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anaelewa. Ukimuuliza, anakwambia anafundisha vile kompyuta inaweza kujua lugha ya watu na kuiongea. Nilimuuliza kwani watu wamemaliza kuongea ndio sasa tutafutie chuma kazi hiyo. Alicheka. Lakini wakubwa wake walikuwa wanauliza swali hilo hilo, na wao hawakuwa wanacheka. Walimwambia siku moja watakuja wakae, wamwangalie akifundisha, na hiyo mashine iongee Kiswahili mbele yao. Ikiongea, anapewa kazi ya kudumu. Isipoongea, mashine inapelekwa kwa watu wa mishahara, na yeye anarudi kwa baba yake kukamua ng'ombe. Aliniambia hayo mimi nikimtengenezea meza ya kuweka hiyo kompyuta, na wakati anaongea alikuwa amekula kucha zote, amebakisha vidole.

Basi akaja Huruma na kinasa sauti, anataka sauti za watu. Nyinyi wazee mnajua hizo siku. Nyinyi vijana niwaeleze: chama kilikuwa kimoja, baba mmoja, na ukiona mtu na kaseti inazunguka, hujui inaenda kusikizwa na nani. Kwa hivyo kila mtu Mwalimu alimwekea hiyo kitu karibu na mdomo alianza kwa kushukuru serikali. Fundi wa viatu alishukuru serikali kwa viatu. Mama wa mboga alishukuru chama kwa sukuma wiki. Mimi mwenyewe nilishukuru kwa mvua, na ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwa meno. Mwalimu alirudi chuo na mkoba mzima wa kaseti, na zote zilikuwa zinaongea kama baraza ya chifu.

Mama wa samaki peke yake ndiye aliongea kama mtu. Hakushukuru mtu. Aligeuza samaki, akatukana mafuta, akaita wateja. Mwalimu akakaa naye pale geti mchana baada ya mchana, na mwisho akasema hii ndiyo sauti. Mashine yake itaongea na sauti ya Mama.

Na mvua ile ndefu ilipoingia, Mama akashikwa na kifua. Ilikuwa kama mchezo. Leo anakohoa, kesho yuko hospitali, halafu tukaambiwa. Tulimpeleka nyumbani upande wa ziwa, tukamzika vizuri, na Mwalimu alikuja kwa matanga akasaidia akina mama kugawa chai.

Tukarudi Eldoret. Sasa hapo ndio mambo ilianza kuwa mbaya, kwa sababu ploti ilinyamaza. Hamjui kelele ya mtu mpaka iondoke. Nilikuwa napiga randa kwa mbao nasikia randa yenyewe inaogopa. Na Mzee, yule bwana yake, alikuwa anakaa kwa kigoda chake na sikio moja imeelekea geti. Unaongea naye, anakujibu, katikati ya jibu anakata. Anangoja. Halafu anaendelea na jambo lingine kabisa. Chakula alikuwa anaangalia tu. Alikonda mpaka koti lake likawa linatembea kwanza, yeye anafuata.

Kwa ploti yetu hiyo aliishi mama mwingine, kazi yake ilikuwa usafi huko chuo kikuu. Siku moja mchana, jua limewaka, tunamwona anakuja mbio kutoka barabarani, kiatu kimoja, na ile fagio ya kupiga deki bado iko mkononi. Alikaa chini. Tukampa maji. Akasema, "Nimemsikia."

Tukamuuliza nani. Akaangalia Mzee, akakataa kusema. Mzee mwenyewe ndiye alimwambia aseme. Basi akasema alikuwa anapiga deki nje ya ofisi ya Mwalimu, mlango umefungwa, akasikia Mama wa samaki ndani anauliza, uko wapi? Kimya kidogo. Uko wapi? Kimya. Uko wapi? Na haikupanda wala haikushuka, alisema, kila mara ilikuwa ile ile, kama mtu ambaye hachoki.

Hakuna mtu alicheka. Halafu jirani mmoja akageuka kwangu polepole.

"Fundi," akasema, "hiyo meza ulitengenezea Mwalimu, iko na droo?"

Nikamwambia iko nayo.

"Kubwa?"

Hapo wote wakaniangalia kama mimi ndiye nilimfungia Mama ndani nikapigilia misumari. Nikasema nitaenda nione. Nilienda kesho yake na nyundo, nikajifanya nimekuja kuangalia mguu wa meza kama unacheza. Mwalimu alinikaribisha. Alikuwa amekonda pia, macho yameingia ndani. Akanieleza vizuri, kwa sababu huyo msichana hakuwa na dharau. Alisema amechukua sauti ya Mama akaikata vipande vidogo vidogo, vile mimi nakata mbao, na sasa anaweza kuunga vipande hivyo apate maneno mapya. Anaandika neno kwa kompyuta, kompyuta inalisema.

Akaandika. Na Mama akaniuliza niko wapi.

Niwaambie ukweli, niliruka mpaka nikagusa dari, na hiyo dari iko juu kama ya kanisa. Ilikuwa Mama kabisa. Lakini ilikuwa Mama kama analetwa kwa vipande, kama mtu anaongea na wewe kutoka ndani ya mtungi, na kulikuwa na kitu kimekosekana sikujua ni nini. Nikamuuliza Mwalimu kama haogopi. Akasema anaogopa. Alisema akiwa peke yake hapo ofisini anaandika neno moja, halafu anaona haya, kama ameamsha mtu mgonjwa bila sababu. Lakini wakubwa wanakuja karibuni, na sauti nyingine hana.

Nikarudi nikamwambia Mzee yote. Hakushangaa. Aliweka kikombe chini, akasema, "Kwa hivyo tulizika nusu."

Kwetu mtu akifia njiani ama mbali, huwezi kubeba mwili tu ukafikiri umemaliza. Mtu anaenda pale alipobaki, anachukua nguo yake, anamwita, anamwambia twende nyumbani, na njia yote anaongea naye, anamwonyesha hapa ni mto, hapa tunapinda, na haangalii nyuma wala haongei na mtu mwingine. Usipofanya hivyo, yeye anabaki pale anaita watu. Na Mama alikuwa anaita. Mzee akatoa leso ya Mama, ile ya kijani alikuwa anajifunga akikaanga, akaikunja. Akasema Fundi, wewe unajua mlango, utanipeleka.

Hatukujua wakubwa wa Mwalimu wanakuja siku gani. Tulienda siku ambayo Mzee alikuwa na nafasi, basi. Tukavaa makoti ya matanga, meusi, na tai. Mvua ilikuwa imeshika Eldoret yote, ukungu umelala chini mpaka miti ya chuo ilikuwa inaonekana kama watu wamesimama wakingoja kuitwa. Tulipofika kwa lile jengo tukapata watu wengi wanaingia chumba kikubwa, wanafunzi, wakubwa, na pale mlangoni kijana wa kuandika majina. Alituangalia. Wanaume wawili wa makoti meusi, hawajulikani, hawasalimu mtu, mmoja ameshika kitu imekunjwa. Hizo siku watu wa namna hiyo walikuwa wa usalama, wakiingia mahali hukuwa unauliza wametoka ofisi gani. Alifunga kitabu chake, akasema karibuni waheshimiwa, akatupeleka mbele kabisa. Profesa mmoja mnene akasimama akanipisha kiti, akakifuta kwanza na leso yake ya mfukoni. Nikakaa. Kwa maisha yangu yote, kiti kile ndicho pekee nilikikalia bila kuangalia kwanza vile kimeungwa.

Kumbe ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya Mwalimu.

Alikuwa amesimama mbele, gauni safi, kompyuta juu ya meza yangu. Aliongea vizuri mpaka akatuona. Akaona leso. Mwenyekiti wa wale wakubwa, mzee mmoja wa miwani, akamwambia aendelee, tunataka kusikia mashine. Mwalimu akafunga macho kidogo, akaandika.

"Uko wapi," ikasema mashine.

Mzee akasimama. "Niko hapa," akasema.

Mtu wa kucheka alikuwa wapi, na makoti yetu yako pale mbele? Mzee akaenda mpaka kwa meza, akakunjua ile leso, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anapokea mtoto.

"Mama watoto," akasema, "ni mimi. Hapa si kwenu, na hawa watu hawakujui. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Halafu akangoja. Kwa sababu huwezi kuondoka hivi hivi, lazima uone kwamba amekubali. Mvua inapiga madirisha. Ile mashine ilikuwa inavuma chini chini, mmm, kama mtu anafikiria. Mimi nilianza kuomba, na nilipomaliza maombi ya kanisa letu nikaingilia ya makanisa ya wengine.

Mwenyekiti akainama kwa Mwalimu. Alitaka kunong'ona lakini chumba kilikuwa kimya sana, tulisikia wote.

"Mjibu," akasema. "Si unaweza kuifanya iseme imekubali? Fanya iseme hivyo, tumalize."

Na mnielewe hapo. Mwalimu angeweza. Vipande vyote alikuwa navyo. Muda wa kupenga kamasi, angeandika, na Mama angesema kwa sauti yake mwenyewe, nimekubali, twende. Mzee angeenda amefurahi, wakubwa wangepiga makofi, kazi angepata hapo hapo. Mimi mwenyewe roho yangu ilikuwa inamwambia bonyeza. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi. Nilivihesabia kama mtu anahesabia umeme kungoja radi.

Mzee alikuwa anamwangalia. Akamuuliza bila ukali, "Mwalimu, akinijibu saa hii, ni yeye?"

Mwalimu akaondoa mikono.

"Hapana, Mzee," akasema. "Ni mimi nitakuwa nimeunga. Hayo hakusema."

"Nilijua. Huyu hapumui."

Ndio ikanipiga. Ile kitu ilikuwa imekosekana. Mama wa samaki hakuwahi sema neno bila kuvuta pumzi kama anataka kuinua gunia, na hii sauti ilikuwa inaanza tu, bila hewa.

Mzee akauliza, "Na yeye mwenyewe, uko naye?"

Mwalimu akafungua droo. Ile droo, eeh, ile ile. Akatoa kaseti, akaiweka kwa redio ya kaseti pale mezani, akabonyeza. Kwanza ikatoka kelele ya mafuta. Samaki inalia kwa karai, gari inapita, kuku. Halafu pumzi, ndefu, na Mama mzima mzima akaingia chumbani: "Wewe baba, toa hiyo kofia ya askari hapa, wateja watafikiri nimeshikwa." Na akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na baada ya kukohoa akavuta pumzi tena, na wanafunzi wa nyuma, najua kwa sababu waliniambia wenyewe, walivuta pumzi pamoja naye.

Mzee alishika kichwa chake pale kofia ilikuwa inakaa. "Huyu ndiye," akasema.

Mwalimu akatoa kaseti akaiweka juu ya leso. Mzee akafunga fundo. Lakini hakuondoka. Alikuwa anaangalia kompyuta, na Mwalimu akaelewa bila kuambiwa, kwa sababu vipande bado vilikuwa humo. Akamwambia mwenyekiti, samahani, nitafuta. Mwenyekiti akasema, Mwalimu, fikiria, ukifuta hapo huna kitu cha kutuonyesha. Akasema anajua. Machozi yalikuwa yanashuka. Akabonyeza. Maandishi ya kijani kwa kioo yakaanza kuondoka, moja, moja, kama taa za ploti zikizimwa, na ile kuvuma ikashuka, ikawa ya mashine tu.

Mzee akasikiliza na lile sikio lake. Akasikiliza sana.

"Ameacha kuita," akasema, na hilo ndilo neno la mwisho aliambia mtu aliye hai siku hiyo. Akabeba leso kifuani akaanza kutoka, anaongea na yeye polepole: hapa ni viti, mama, inua mguu, hapa ni mlango, nje kuna mvua kidogo. Wanafunzi walijibana kwa ukuta kumpisha. Wengine walivua kofia. Hata yule profesa mnene alijivuta tumbo ndani, na haikuwa kazi ndogo. Jioni hiyo Mzee alipanda basi ya kwenda ziwani, akamwonyesha kila mto mpaka nyumbani, na aliporudi kwetu baada ya wiki alikula ugali ya watu wanne akaomba mboga ingine.

Mwalimu walimpa kazi. Nasema mapema ili msiwe na wasiwasi. Alifundisha hapo miaka mingi, mashine yake baadaye ikaongea na sauti ya mtu aliye hai, kwa ruhusa ya huyo mtu, na kila akipita Huruma alikuwa ananisalimia. Lakini vile kazi ilipatikana niliisikia kwa mgongo, kwa sababu nilikuwa namfuata Mzee na sikuwa na ruhusa ya kugeuka.

Nilikuwa nimefika mlangoni. Nyuma nikasikia mwenyekiti anapanga karatasi zake, anasema kwa huruma, lakini anasema: basi Mwalimu, mashine yako sasa haina sauti, tutaandika nini, tukupe hii kazi kwa sababu gani? Nikasikia Mwalimu anafunga droo. Na yule mama wa usafi alikuwa amesimama pale nje ya mlango na fagio yake, alikuwa amesikia yote, nikampita karibu mabega yagusane. Hakuwa amepanga kusema. Mimi nilijua tu kwa vile alishtuka mdomo ulipofunguka. Waliokuwa ndani waliniambia baadaye kwamba baada ya maneno ya huyo mama wakubwa wote waliangalia ile picha kubwa ya rais kwa ukuta, kama wanaiomba ruhusa, halafu mwenyekiti akafungua kalamu akaandika haraka haraka, akasema kikao kimekwisha na hakuna mtu amesikia kitu.

"Si mumpe," akasema yule mama. "Sisi hapa wazima tunalishwa maneno kila siku, huyu hata marehemu amekataa kumlisha."